Hajasema Nitue

Isevya, Tabora
3 Machi 2024

Kwako binti yangu Kulwa,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, na baridi yenu haijakutafuna. Mimi sijambo, isipokuwa bega. Ndilo lililonishikisha kalamu, maana kwenye simu nikisema tu neno bega, wewe unasema, "Baba, mtandao unasumbua," na mtandao unakatika hapo hapo. Mtandao gani huo wenye masikio? Basi barua nimempa Sixbert, yule karani wa basi la Mbeya. Kaniahidi ataifikisha mpaka mapokezi ya hospitali yenu. Karatasi haikatiki.

Bega ni la kulia. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe juu ya kabati, linanichoma kwa mbele, ndani kabisa, halafu maumivu yanashuka mpaka nusu ya mkono. Nikililalia naamka. Asnath jirani kaniletea majani, nimekandwa mpaka nanuka mboga, wapi!

Sasa usinikasirikie. Limeanza tangu nilipotoa benchi stoo. Ndiyo, lile lile la mninga alilofia ndugu yako. Nimelifuta vumbi, nimekaza bolti, nimelirudisha mahali pake uani, na nguzo zake mbili, na chuma chetu cha ekseli ya lori, na makopo ya zege. Toka tumzike Doto sikuvigusa. Mwaka huu nimeona bora niviangalie usoni. Nanyanyua kilo thelathini tu, mara nane, napumzika, mara nane tena, jioni jua likipungua. Nafanya vile vile nilivyowafundisha nyinyi wawili.

Siku hizi wewe ndiye fundi wa mabega ya watu. Niambie nakosea wapi.

Ni mimi baba yako,
Masolwa


Mbeya
17 Machi 2024

Mpendwa baba,

Shikamoo. Habari za huko, na Asnath hajambo? Mimi ni mzima, kazi ndiyo nyingi. Sixbert alifika mapokezi akatangaza kwa sauti kwamba ana barua ya mzee wa vyuma wa Tabora. Sasa hospitali nzima inajua nina baba. Ahsante.

Nitakujibu kama ninavyowajibu wagonjwa wangu, usione ukali.

Pumzika wiki mbili bila kushika kitu. Najua unavyonyanyua, huna haja ya kunieleza: unashika chuma kwa upana mno, viwiko vimetanuka vikawa sawa na mabega, na chuma unakishushia karibu na shingo. Ukifanya hivyo mfupa wa mkono unazibana kano za bega kila unaposhuka. Hata kilo thelathini zinatosha kuzikata, taratibu tu.

Ukipata nafuu, achana na benchi. Lala chini, kwenye mkeka, magoti juu. Shika kwa upana wa mabega yako, basi. Kidole gumba kizunguke chuma. Ule mtindo wenu wa kukiacha nje uachwe leo. Kabla hujashusha, vuta makombe ya mabega nyuma na chini, uyabane kama umeshikilia penseli katikati yake, na penseli isidondoke mpaka umalize. Viwiko visikumbatie mbavu, visitanuke pia, vikae katikati. Chuma kishukie chini ya chuchu. Viwiko vikigusa sakafu, tulia, hesabu moja, ndipo usukume. Sakafu itakuzuia usifike kwenye maumivu, na kazi itahamia kwenye misuli ya nyuma ya mkono, ile inayonyoosha kiwiko. Hiyo ndiyo inayolisaidia bega, na hiyo ndiyo watu wanaisahau.

Na kila siku ya kusukuma iwe na siku ya kuvuta. Kata mpira wa tairi la baiskeli, ufunge kwenye nguzo, uvute kuelekea usoni mara kumi na tano.

Swali moja tu. Nani anasimama nyuma yako?

Mwanao,
Kulwa


Isevya, Tabora
21 Aprili 2024

Binti yangu Kulwa,

Marahaba, na salamu zako nimezifikisha. Asnath anasema uolewe. Nimemwambia aandike barua yake mwenyewe.

Mkeka nimetandika. Siku ya kwanza nilijiona mjinga, mzee mzima kalala chini na ekseli kifuani, kuku wananitazama. Lakini bega! Wiki ya tatu hii nachukua kikombe bila kusaga meno. Nyuma ya mkono panawaka moto, kumbe huko nako kulikuwa na nyama. Penseli yako nimeweka ya kweli, ya seremala. Imedondoka mara mbili tu.

Ila kuna jambo limeniganda. Umesema viwiko vilivyotanuka vinakata kano. Umesema chuma kisishukie shingoni, na kidole gumba kisikae nje. Kulwa, hivyo vyote ndivyo nilivyowafundisha. Nilikuwa nasimama pale na fimbo, namgonga Doto kiwiko, "Tanua! Tanua!" Basi niliwafundisha vibaya? Nijibu kama mtaalamu, usinijibu kama mtoto.

Umeuliza nani anasimama nyuma yangu. Hakuna mtu. Bundala aliyekuwa anakuja mazoezini zamani kahamia Nzega. Lakini nikisema hakuna, nitakuwa nimekudanganya kidogo. Nikifika mara ya sita, ya saba, pumzi ikianza kuwa fupi, nasikia ndala. Si za mtu anayetembea, ni za mtu anayekimbia. Zinaanzia hapa nyuma ya kichwa changu, zinakwenda getini. Pa, kimya. Pa, kimya. Mguu mmoja unalia, mwingine haulii, kama aliyevaa ndala moja. Nageuka, geti limefungwa na kuku wanadonoa.

Sisemi ni Doto. Doto siku ile alikuwa na raba. Na nijuavyo, marehemu akisumbua watu huwa anarudi. Huyu wangu anaondoka. Kila jioni anaondoka. Nimemwambia mchungaji, akaniombea vizuri sana, na jioni yake nikazisikia tena.

Niandikie upesi.

Baba yako


Mbeya
14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Kazi.

Ndiyo, ulitufundisha vibaya. Nawe ulifundishwa hivyo hivyo, wala hukujua. Bega la kushoto la Doto lilikuwa linamuuma tangu Julai ya mwaka ule. Aliniambia mimi, akanikataza nisikwambie.

Kuhusu ndala: watu wa umri wako husikia vitu masikioni. Inaweza kuwa presha, inaweza kuwa dawa unazomeza. Nenda ukapimwe.

Hicho chuma kiuze. Au kizike. Sitakuja kwenye kumbukumbu ya Septemba, nina zamu.

Kulwa


Isevya, Tabora
4 Agosti 2024

Binti yangu,

Hata "mwanao" hukuandika. Haya. Mimi mzima, natumaini nawe ni mzima.

Ebo! Ndala za presha? Nimepimwa, presha yangu ni ya kijana. Daktari kaniuliza nafanya mazoezi gani, nikamweleza habari za penseli, akaandika pembeni.

Nimekaa na barua yako fupi hiyo wiki mbili. Kwa hiyo mtoto aliumwa bega miezi miwili, akalala chini ya chuma hivyo hivyo kwa sababu asingeweza kumwambia baba yake. Nimeelewa. Sasa nisikilize na mimi.

Unajua babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, begani, akarudi na vitambaa, begani. Baba aliniambia alikuwa na sugu hapa juu ya bega, kubwa, ngumu, na watoto walikuwa wanaigonga kwa kijiti wakicheka. Kwenye njia ile walikuwa na maneno yao mawili. Ukitaka mzigo: "Nitwike." Ukishindwa: "Nitue." Na mzigo wako haukuguswa mpaka useme mwenyewe. Kumtua mtu kabla hajasema ilikuwa kumvua nguo mbele ya wenzake. Hayo maneno mawili niliyaleta uani kwangu. Nyote mlinyanyua kwa maneno hayo. "Nitwike," mwenzako anakutolea chuma kwenye nguzo. "Nitue," anakipokea. Hujasema, hakiguswi. Nilijivunia sheria ile kuliko vyuma vyenyewe.

Na Doto akanyanyua peke yake. Hilo ndilo lililonishinda. Mtoto niliyemfundisha kwamba nyuma yako lazima awepo mtu, akalala pale bila mtu, na kilo themanini.

Nimeamua jambo. Tarehe kumi na saba Septemba inatimia miaka saba. Siku hiyo nitapanda kwenye benchi, nitaweka zile themanini, na nitazishusha kama alivyozishusha yeye. Mara moja tu. Nataka kujua aliona nini. Usiniambie habari za mkeka.

Baba yako,
Masolwa


Mbeya
18 Agosti 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Usipande kwenye hilo benchi. Nakuomba. Nimekuandikia barua hii mara nne nikaichana, hii ya tano nampa Sixbert kabla sijaisoma.

Doto hakunyanyua peke yake. Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake.

Wewe ulikuwa umekwenda Kipalapala kutengeneza pampu ya mapadri, ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Doto akaniambia, "Kulwa, leo nazimaliza themanini, baba akirudi ukamwambie." Akasema "Nitwike," nikamtolea. Ya kwanza ikapanda. Ya pili ikapanda inatetemeka upande wa kushoto. Ya tatu ikasimama, shubiri moja juu ya kifua. Viwiko vimetanuka vile ulivyokuwa ukitaka. Akanitazama. Baba, macho yake yalikuwa yananitazama kutoka chini, na midomo ilikuwa inacheza.

Nikasubiri aseme.

Unakumbuka Jumapili iliyotangulia? Nilipokea chuma mapema, nikaona anachoka nikakishika. Wewe ukanigombeza mbele ya Bundala na wenzake wote. Ukasema, "Umemtua mwanamume hajasema, umemvua nguo." Wakacheka, na Doto hakunisemesha siku mbili. Basi safari hii nikaweka mikono yangu karibu na chuma, hivi, bila kugusa, nikasubiri. Pumzi moja. Ya pili. Ya tatu. Bega likaachia, nikalisikia, na chuma kikateleza kwenye viganja kwa sababu kidole gumba kilikuwa nje, kikamwangukia shingoni.

Sikuweza kukinyanyua. Makopo uliyafunga kwa waya yasiteleze. Nikakivingirisha, nikakisukuma kwa mwili wangu wote mpaka kikaanguka chini. Alikuwa anapumua, baba. Vibaya, lakini anapumua. Nikakimbia. Ndala moja ikanitoka pale pale, sikurudi kuichukua. Nilikuwa nakufuata wewe. Sikujua mtu mwingine wa kumfuata duniani. Nikakimbia mpaka kwenye reli, nikapata pikipiki, nikafika Kipalapala, wakaniambia fundi hakukaa, kaondoka zamani. Niliporudi uwanja ulikuwa umejaa watu na wanawake wanalia. Mtu akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Mtendeni, sokoni.

Hiyo ndala unayoisikia ni mimi.

Nimesoma mabega miaka minne nikitafuta kama pumzi tatu zingetosha. Zingetosha. Hata moja ingetosha. Kila mgonjwa ninayemlaza kitandani namshika mkono kabla hajaniomba, wenzangu wananiuliza nina haraka gani.

Sasa umejua nimemuua. Nichukie, nitaelewa, lakini usipande.

Mwanao,
Kulwa


Isevya, Tabora
10 Septemba 2024

Kulwa mwanangu,

Sina salamu ya kuanzia. Unisamehe.

Nilijua ulikuwepo. Nilijua tangu siku ile. Chuma hakiwezi kujiondoa chenyewe shingoni mwa mtu kikalala chini hatua mbili mbali. Na ndala ya bluu ilikuwa chini ya benchi, niliiokota kabla watu hawajaja, nikaificha kwenye sanduku la spana. Ipo mpaka leo. Halafu ukaingia getini mguu mmoja mtupu, unasema umetoka sokoni. Nikakutazama, nikanyamaza. Nikajiambia, akisema nitamtua. Hajasema, simgusi. Ndiyo sheria.

Ulivyoandika "nilikuwa nakufuata wewe", niliiweka barua mezani nikatoka nje nikashika nguzo.

Sasa sikia langu. Yule fundi mwenzangu wa Kipalapala hakuwa na vipuri, nikageuza nikarudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, nikapita mlango wa nyuma ili nisiwakute uani mkaniomba niwasimamie mazoezi. Nikajilaza na shati langu la kutokea. Nilikuwa ndani, Kulwa. Ukuta mmoja tu kati yangu na nyinyi.

Nilikisikia chuma kikianguka. Nikasema, watoto hawa watanivunjia sakafu. Halafu nikasikia ndala moja inakimbia, pa, kimya, pa, kimya, mpaka getini. Nikasema, wanacheza. Nikageukia upande wa pili, nikalala.

Sijui ni nusu saa. Nilipotoka alikuwa bado wa moto.

Majirani waliponiuliza, nikasema ndiyo kwanza nafika kutoka Kipalapala. Waliona shati la kutokea wakaamini. Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata mchungaji: sikukusubiri useme kwa ajili ya sheria. Nilishukuru hukusema. Ungesema, ningeulizwa na mimi nilikuwa wapi. Sheria ya wapagazi ilinifaa sana. Wewe ulisubiri pumzi tatu kwa sababu nilikuaibisha. Mimi nimesubiri miaka saba nikikuangalia unakonda, unahama, unakata simu, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Halafu nikakuandikia habari za ndala nikijua ni zako, kama mtu anayemchokoza mwenzake kwa kijiti. Nilitaka uanze wewe.

Hukumuua ndugu yako. Viwiko ni vyangu, kidole gumba ni changu, waya ni wangu, usingizi ni wangu.

Kumi na saba ni Jumanne ijayo. Chuma kipo juu ya nguzo na themanini zake. Sijui nitafanya nini. Jana nilijilaza chini yake, mikono kifuani, nikajaribu kulitamka lile neno kwa sauti, mimi mwenyewe niliyewalazimisha watu waliseme. Lilinikwama. Nadhani hata kwake lilikwama. Naliandika basi.

Nitue, mwanangu.

Baba


Mbeya
24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye korido, nimesimama. Nilipofika kwenye "nilikuwa ndani" niliikunja. Mwisho wake niliusoma baada ya wiki tatu.

Nimekuchukia, baba. Naandika hivyo kwa sababu hatuna cha kufichana tena. Nilikuwa nakwenda kazini nakuchukia, nakula nakuchukia. Nilikwenda hadi Kipalapala na ndala moja kumtafuta mtu aliyelala nyuma ya ukuta. Ningepiga ukelele mmoja tu. Mmoja! Na sikupiga kwa kuwa niliamini hakuna mtu. Miaka saba ukaniacha niamini hivyo. Niliona uzito uliokaa nao ni haki yako, ukae nao.

Jana Sixbert kanikuta getini hapa hospitali. Sikutaka kumsikiliza, akasema tu hivyo hivyo. Anasema tarehe kumi na saba ulilala chini ya chuma tangu mchana mpaka Asnath alipokuja kukuinua. Hukukigusa. Anasema toka hapo kila jioni unakwenda pale unalala, mikono kifuani, unakitazama. Hunyanyui, huondoki. Asnath akikuuliza unangoja nini, unasema unangoja jibu. Anasema umekonda mpaka shati linakuvaa.

Nikarudi ndani nikaendelea na kazi. Nilikuwa na mama mmoja kitandani, nimemshika mkono, namwinulia bega. Ndipo nikaiona mikono yangu. Ilikuwa vile vile, baba. Karibu, bila kugusa. Nikatambua kwamba nimesimama tena nyuma ya benchi, na safari hii aliyelala umesema. Umesema waziwazi, kwa wino, na mimi bado nahesabu pumzi. Nimehesabu miezi miwili na nusu.

Niliogopa sana. Nikaomba likizo kabla sijavua koti la kazi.

Sijakusamehe yote. Sijui kama nitaweza, na sijui kama nimejisamehe mimi. Hayo tutayaongea tukiwa tumekaa chini, siyo kwa karatasi. Leo jioni usilale chini ya chuma hicho. Tafuta koleo, kata zile waya, shusha makopo moja moja, kulia halafu kushoto, usije ukakipindua. Mikono karibu na mwili, usinyanyue kwa bega. Ukimaliza ingia ndani upumzike.

Barua hii itatangulia na Sixbert, mimi nafuata na basi la kesho yake. Ndala yangu itoe kwenye sanduku la spana. Ukinisikia nakimbia, baba, ujue naingia. Safari hii usigeukie upande wa pili.

Mwanao,
Kulwa